Neno Alilobakiza Nyaga

Waendesha baiskeli wa mjini walifika Karurumo siku ya Jumamosi, soko likiwa limejaa, na kitu cha kwanza ambacho soko liliona ni mapaja. Wanaume wazima wenye vitambi vya heshima walikuwa wamevaa kaptura za kubana zilizowaacha wauza ndizi bila la kusema, na si jambo dogo kumnyamazisha muuza ndizi wa Karurumo. Mwishowe mmoja aliuliza kwa sauti kama hawa wameporwa suruali njiani, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kicheko kilikatika walipokunjua bango. Lilikuwa na picha ya Nyaga, mbeba maziwa, yule yule aliyekuwa akipita hapo kila asubuhi na mitungi yake miwili nyuma ya baiskeli. Picha ilikuwa imekatwa kutoka kwenye harusi ya mtu mwingine, kwa hiyo Nyaga alikuwa amevaa tai ya kuazima na bega la bibi harusi lilibaki karibu na sikio lake. Chini yake kulikuwa na maandishi mekundu: HAKI KWA NYAGA. HATUTAKI DILI.

Eunice, mjane wake, alisimama kwenye kivuli cha duka la dawa za mifugo akamtazama mumewe akipeperushwa na upepo. Uchungu alikuwa nao, tena mwingi, lakini kilichomshika siku hiyo kilikuwa udadisi. Watu hawa hawakuwahi kumwona Nyaga. Walikuwa na baiskeli ambazo moja tu ingenunua ng'ombe wa gredi na ndama wake, na wamekuja kumlilia mtu ambaye breki yake ilikuwa soli ya kiatu. Wanataka nini hasa?

Kiongozi wao, kijana mpole aliyevua kofia ngumu kabla ya kumsalimia, alijieleza. "Pole sana mama. Mimi naitwa Muthomi, nafanya kazi ya benki pale Embu. Sisi watu wa baiskeli tunagongwa kila siku, halafu dereva anaelewana na serikali, analipa faini, anaenda nyumbani kula. Tumechoka. Hii kesi ya mzee wako ndiyo tutasimama nayo."

"Anaelewana na serikali aje?"

"Inaitwa plea bargain. Dereva anakubali kosa dogo, wanamtolea lile kubwa. Huyu Kiunga aliyemgonga mzee anataka kukubali tu kwamba hakuwa mwangalifu. Hakuna kusababisha kifo, hakuna jela. Lakini sheria inasema familia lazima isikizwe. Wewe kataa tu, mama. Ukikataa, huyo mwendesha mashtaka ataogopa."

Eunice alifikiri kidogo. "Akikubali hilo kosa dogo, atasema vile ilifanyika?"

Muthomi hakuwa amelitarajia swali hilo. "Itaandikwa. Lakini itakuwa imepakwa rangi."

"Na dili ikikataliwa, kesi iendelee?"

"Hapo wakili atamwambia anyamaze. Ni haki yake kunyamaza. Lakini tutamfunga, mama, usijali!"

Watu walipiga makofi. Ireri, mdogo wake Nyaga, alikuwa tayari ameshika upande mmoja wa bango na kuinua ngumi mbele ya simu zilizokuwa zikipiga picha. Eunice naye alipiga makofi kwa adabu, ila lile neno kunyamaza lilikuwa limemganda masikioni.

*

Alichotaka kujua Eunice kilikuwa kidogo kiasi kwamba aliona haya kukitaja. Alitaka kujua kama Nyaga alikuwa juu ya baiskeli.

Mwaka uliotangulia, rafiki yake Nyaga aitwaye Njura aligongwa na lori kwenye lami, barabara kuu ya Embu na Meru. Baada ya mazishi Eunice alimfanya mumewe aahidi kwamba hatapanda tena baiskeli kwenye lami, na Nyaga aliitimiza kwa kulalamika kila siku. Alipitia njia ya chini, ile ya udongo katikati ya mashamba ya kahawa, akifika kwenye kituo cha maziwa wenzake wameshamaliza na kuanza kumcheka.

Halafu mvua ikanyesha usiku kucha na njia ya chini ikawa tope tupu. Asubuhi Nyaga alifunga mitungi yake kwa mpira, akasema leo atapitia juu, kwenye lami. Wakabishana. Nyaga alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Angeweza kubishana na redio. Lakini siku hiyo Eunice ndiye aliyemaliza maneno. "Ukipanda hiyo kitu kwa lami," alimwambia, "usirudi hapa."

Kwa kawaida Nyaga hakukubali kushindwa hivyo. Angefika langoni, aegemeze baiskeli kwenye ua, arudi hadi mlango wa jikoni aseme neno lake la mwisho, kisha aende zake akitabasamu peke yake. Eunice alisubiri na mwiko mkononi. Hakurudi. Akawaza, leo nimemweza, na alifurahi. Huo ndio ulikuwa mwiba wake: kwamba alifurahi. Jua halijapanda vizuri, watu wakaja mbio kumwita hospitali.

Hapakuwa na shahidi. Kiunga wa Nkubu, aliyekuwa akirudi Meru na pikapu tupu kwenda kupakia miraa, alikuwa peke yake, na ndiye aliyemnyanyua Nyaga, akamweka kwenye kiti cha mbele na kumkimbiza hospitali. Walipofika, Nyaga alikuwa amekwisha. Tangu hapo kila aliyeandika au kusema lolote, kuanzia polisi hadi redio, alisema mwendesha baiskeli amegongwa. Mwendesha baiskeli. Eunice alilisikia neno hilo kila siku, na kila mara alijiuliza lile lile. Alinidharau, ama hakunidharau? Na nikamwambia asirudi.

*

Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke, akiitwa Kagwiria. Eunice na Ireri walimngoja ofisini kwake mjini Embu kwenye benchi lililokuwa linamwaga mtu upande mmoja. Mhudumu wa mapokezi alimwomba Eunice cheti cha ndoa.

"Sina. Tulioana vile watu wanaoana. Wazee walienda kwetu."

"Sasa nitajuaje wewe ni mke wake?"

"Muulize huyu. Ni ndugu ya mzee."

Mhudumu alimtazama Ireri, akamtazama Eunice na leso yake, akaandika kitu kirefu kuliko jibu alilopewa. "Ni utaratibu tu, mama," alisema, bila ubaya, na hiyo ndiyo iliyoudhi. Eunice aliketi tena upande uliomwagika, akiwaza kwamba amezaa na Nyaga binti yao Cicily, amemwosha mgongo, amemzika, na bado anaonekana kama mpita njia.

Kagwiria aliwaita mwenyewe. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala, na simu yake juu ya meza ilitetemeka mfululizo mpaka akaigeuza kifudifudi.

"Ni hao watu wa baiskeli," alisema. "Wameweka namba yangu kwa mtandao. Wanasema mimi Mmeru namlinda Mmeru mwenzangu. Kiunga mimi simjui hata kidogo."

"Lakini unataka kumwachilia," Ireri alirusha. Siku hizo alikuwa ameshahojiwa na redio mbili, na sauti yake ilikuwa imenenepa.

"Nataka kitu nitakachoweza kushinda. Sina shahidi, bwana. Mvua iliosha kila alama pale barabarani. Nikienda kusikilizwa, yeye atanyamaza, na ninaweza kutoka mikono mitupu. Akikiri, angalau ana kosa kwa jina lake na leseni yake inaenda. Nikikubali dili watasema nimekula hongo. Nikikataa halafu nishindwe, pia watasema nimekula." Alijifuta uso. "Mama Cicily, wakubwa wangu wenyewe wananipigia kuuliza kelele ni ya nini. Lakini mimi nataka kusikia wewe. Unataka nini?"

"Nataka kumuuliza swali moja."

"Huwezi kumuuliza mshtakiwa swali. Wakili wake hawezi kukubali."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ila kwa makubaliano kuna maelezo ya vile ilitokea. Wakili wake ameleta. Ngoja niwasomee." Kagwiria alisoma kwa sauti bapa: kwamba siku hiyo, mvua ikinyesha, marehemu akiendesha baiskeli aliingia barabarani ghafla, na mshtakiwa kwa kukosa uangalifu hakuweza kumkwepa.

"Hiyo ni uongo!" Ireri alisimama. "Sisi tumekataa!"

Eunice alibaki ameketi. "Madam, hiyo ni Kiunga amesema, ama ni wakili ameandika?"

Kagwiria aliitazama karatasi kana kwamba ndiyo itakayomjibu. "Wakili ameandika," alisema hatimaye. "Kiunga mwenyewe sijawahi kumsikia akiongea."

*

Wiki iliyofuata mamake Kiunga alikuja. Jina lake Ciakuthii, mama mnene wa miguu inayouma, na alitoka Nkubu na mzee mmoja wa kanisa lao, wakiwa wamebeba ndizi mbivu na sukari. Ireri aliwaona wakiteremka njia ya kahawa, akawahi nyumbani kwa kaka yake akihema.

"Hao wamekuja kununua kesi. Usiwafungulie. Na ukiwafungulia, usiwape chai! Ukishawapa chai mmepatana."

"Ireri, mtu ametoka Nkubu na miguu imefura hivyo."

"Chai ni ushahidi, Mama Cicily!"

"Basi nitashtakiwa kwa chai," alisema Eunice, akaenda kuwasha moto.

Ni kosa ambalo mwanamke yeyote wa milima ile angelifanya. Mgeni hatoki kwako na koo kavu, hata awe nani. Mwenyeji yuko tayari kusengenywa kwa mengine yote lakini si kwa hilo. Akawapa chai ya maziwa na viazi vitamu. Mzee wa kanisa aliomba sala ndefu iliyopitia taifa lote kabla ya kufika pale walipo. Ireri alikaa mlangoni amefunga mikono, akakataa kikombe, kisha harufu ya viazi ikamshinda akachukua kimoja.

Ciakuthii alikishika kikombe chake bila kunywa. "Mimi sikuja kusema mtoto wangu asifungwe," alisema. "Nimekuja kukusalimia. Nimekaa nikiona haya, nikasema wacha nife na haya lakini nimekusalimia."

"Asante, mama."

"Hatoki nyumbani. Anakaa tu. Namuuliza, Kiunga, ilikuwa aje? Hanijibu. Wakili alimwambia akifungua mdomo hata kwa mamake, amejifunga mwenyewe." Alinywa funda moja hatimaye. "Nimemzaa na sijui amefanya nini. Unajua hiyo ni uchungu gani?"

Eunice aliujua. Ulikuwa ule ule wake, ila wa upande wa pili. Alimwomba yule mama amfuate nje kwenda kuona ng'ombe, na huko, wakiwa wawili tu, alisema kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu, si Ireri, si Cicily binti yake.

"Kuna kitu nataka kujua kutoka kwake. Hakuna kingine. Mzee wangu alikuwa amepanda baiskeli, ama alikuwa anatembea?"

Ciakuthii alimkazia macho. Alikuwa amekaa na mume miaka mingi. "Mlikuwa mmekosana," alisema.

"Asubuhi hiyo."

"Woi." Alimshika mkono, mkono mzito na wa moto. "Nitamwambia. Kama atanisikia au hatanisikia, nitamwambia."

Waliporudi ndani mzee wa kanisa alitaka picha moja, ya kuwaonyesha waumini kwamba walifika. Eunice alisimama kati yao akiwa na birika mkononi, kwa sababu hakujua aliweke wapi. Katika picha hiyo alionekana akitabasamu. Mtu akiambiwa atazame simu, hutabasamu. Ni mazoea tu.

*

Kabla ya jioni picha ilikuwa imetoka kanisani Nkubu ikaingia mtandaoni, na mtandaoni ilikuwa na maneno juu yake: FAMILIA ZIMEPATANA. Cicily, aliyekuwa likizoni, alimsomea mamake yale yaliyoandikwa chini, mpaka Eunice akamwambia aache. Mmoja aliandika kwamba mjane amekula na sasa anapika. Mwingine aliuliza bei ya mume siku hizi ni ngapi huko Embu. Wa tatu, mwanamke, aliandika tu: birika lenyewe ni jipya.

"Birika ni la harusi ya shangazi," Cicily alisema akilia. "Waambie, mama! Ni la zamani!"

Asubuhi kwenye kituo cha maziwa, ambako sasa Eunice alibeba mtungi mwenyewe kwa miguu, wanawake walimpisha kwenye foleni kwa heshima ambayo haikuwa heshima. Muthomi alipiga simu. Hakumtukana, lakini kila neno lake lilikuwa na mchanga ndani.

"Mama, tumechangisha, tumetembea, tumepeleka sahihi za watu. Sasa watu wananiuliza mimi nijibu nini."

"Wajibu nilipika chai."

"Mama, hii si mchezo."

"Hata mimi sichezi, Muthomi. Wewe unataka afungwe. Mimi nataka aongee. Hizo si kitu kimoja. Ungeniuliza siku ile sokoni ningekuambia, lakini ulikuja ukijua nitasema nini."

Sauti ya kijana ilishuka. "Aongee nini?"

"Hiyo ni yangu," alisema Eunice, akakata. Hakuwa amewahi kumkatia simu mtu wa benki.

Kisha alimpigia Kagwiria, naye akamwambia wazi kwamba mambo yamekuwa mabaya. Kwa upande mmoja watu walikuwa wakipanga kuizunguka mahakama na baiskeli zao. Kwa upande mwingine wakili wa Kiunga alikuwa ameshika ile picha ya birika na kusema hata familia imeridhika, makubaliano yasomwe haraka, faini itozwe, yaishe.

"Sasa niambie mwenyewe, Mama Cicily. Umeridhika?"

"Nitaridhika na kitu kimoja. Asiseme wakili. Usiseme wewe. Kiunga asimame aseme vile ilikuwa, kwa mdomo wake. Baada ya hapo mfunge, mwachilie, mimi sitauliza."

Kupitia simu Eunice alisikia mlio wa kengele za baiskeli barabarani kule chini ya dirisha la Kagwiria. Mwendesha mashtaka huyu alikuwa amesoma sheria kwa sababu alipenda kujua watu hufanya nini na kwa nini, na ilikuwa zamani sana tangu kazi ilipompa nafasi ya kujua chochote. "Hakimu lazima amuulize kama maelezo ni ya kweli," alisema polepole. "Wengi husema ndiyo na kuketi. Mimi nitaomba aeleze mwenyewe. Wakili wake atapinga. Tutaona."

*

Siku ya kesi walipanga baiskeli zao kwenye ua wa mahakama, nyingi mpaka karani mmoja akaingia ndani kwa kuruka. Ireri alikuwa na fulana yenye uso wa kaka yake. Eunice alipopita hakuna aliyemzomea, lakini hakuna aliyemsalimia pia, isipokuwa Muthomi, aliyeinua kofia yake ngumu nusu na kuirudisha.

Ndani, wakili wa Kiunga alisoma maelezo yake yaliyopigwa pasi. Marehemu akiendesha baiskeli. Aliingia ghafla. Eunice alimtazama Kiunga kizimbani kwa mara ya kwanza kwa utulivu. Alikuwa kijana tu, shingo nyembamba ndani ya kola kubwa, na alikuwa akimtazama mamake.

"Mheshimiwa," Kagwiria alisimama, "familia inaomba mshtakiwa aeleze mwenyewe."

"Napinga," wakili alisema. "Maelezo yameandikwa na yametiwa sahihi."

Hakimu, mzee wa miwani, alimgeukia Kiunga. "Yaliyosomwa umeyasikia?"

"Ndiyo."

"Ni ya kweli?"

Wakili alitikisa kichwa juu chini, kumsaidia. Ciakuthii alikuwa amefumba macho, midomo ikimwenda. Kengele moja ya baiskeli huko nje, iliyoguswa na mtu kwa bahati mbaya, iliwafanya watu washtuke.

"Hapana," alisema Kiunga.

"Mheshimiwa, naomba dakika—"

"Hapana, si kweli," kijana alirudia, na sasa ilikuwa kama mtu anayetapika, hawezi kuacha katikati. "Hakuingia barabarani. Hakuwa hata kwa barabara. Alikuwa kando kwa nyasi, anatembea, anasukuma baiskeli. Mimi nilikuwa nakimbia, nilikuwa nimechelewa kupakia. Nikapita lori, gari ikateleza ikatoka lami. Nikamfuata huko huko kwa nyasi. Yeye hakukosea. Mimi ndiye nilitoka."

Mahakama ililipuka. Wakili aliketi, akafunga faili lake. Ireri alipiga kelele ambayo haikuwa neno. Hakimu aligonga meza hadi watu wakatulia, akasema kwamba kwa kuwa mshtakiwa hakubali maelezo, mahakama inayakataa makubaliano hayo. Kwamba linaingizwa jibu la kukana mashtaka yote, na kesi itasikilizwa upya mbele ya hakimu mwingine. Na aliongeza, akimtazama Kagwiria kwa huruma kidogo, kwamba sheria hairuhusu yaliyosemwa leo katika shauri hili la makubaliano yatumiwe huko.

Eunice hakusikia sehemu hiyo. Anatembea, anasukuma baiskeli. Kwa nyasi. Alilishika benchi la mbele kwa mikono miwili.

*

Nje kulikuwa na shangwe. Dili imekufa! Baiskeli ziliinuliwa juu ya vichwa, magurudumu yakizunguka. Kisha habari ile nyingine ikaanza kupenya kutoka mdomo hadi mdomo, na shangwe ikapungua.

"Ati haitatumika?" Ireri alimkabili Kagwiria kwenye ngazi. "Amekiri mbele ya watu wote!"

"Haitatumika. Itabidi nianze tena bila shahidi. Labda nimtafute huyo mtu wa lori." Alionekana amechoka, lakini macho yake yalikuwa yameamka. "Angalau sasa najua nini cha kutafuta."

Muthomi alikuwa amesimama karibu na bango, akiitazama ile picha ya tai ya kuazima. "Kumbe hakuwa hata amepanda," alisema, si kwa mtu yeyote.

Kwenye kona ya ukumbi, Ciakuthii alikuwa amemshika mwanawe mkono kama mtoto anayepelekwa sindano. Wakili alimwita Kiunga kwa ukali kutoka mbali. Mama hakugeuka. Alimleta hadi mbele ya Eunice, akamwachia.

"Mama," Kiunga alisema, akitazama viatu vyake. "Kuna nyingine. Kule kwa gari, nikimpeleka hospitali, aliongea. Nilidhani amechanganyikiwa. Sikujua ni nini mpaka mama aliponiambia swali lako."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwambie Mama Cicily sikupanda."

Watu walikuwa wakipita kati yao na madirisha, na mwanga ulikuja na kukatika. Eunice aliliweka swali lake la mwisho taratibu, kwa sababu alitaka jibu lake likiwa zima.

"Alisema kwa sauti gani? Alikuwa na hasira?"

Kiunga alifikiri. Ilionekana wazi kwamba alitaka kumpa ukweli na si kitu cha kumfariji. "Hapana," alisema. "Alisema kama mtu ameshinda mabishano. Hata alitaka kucheka."

Eunice alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, katika ukumbi wa mahakama, mbele ya watu waliokuja kumhurumia na waliokuja kumlaumu, na wote wakageuka kumtazama. Halafu machozi yakaja, mengi, ya miezi yote hiyo, na Ciakuthii akamshika asianguke.

"Huyo ndiye Nyaga," alisema, akijifuta kwa leso. "Huyo ndiye yeye kabisa. Nilijua angerudi kusema."